Mashine ya kuchomelea ya injini: ukiizima, bado haijafa

Spana Kumi na Tatu (mwanzisha uzi)

Ndugu mafundi na wanagenzi,

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaohudumia mashine za kuchomelea zinazoendeshwa na injini, yaani zile ambazo ndani ya kasha moja kuna injini ya petroli au dizeli, jenereta inayotoa mkondo wa kuchomelea, na mara nyingi soketi za kuendeshea vifaa vingine. Sizungumzii namna ya kuchomelea. Nazungumzia saa ile ambayo mchomeleaji ameshaondoka, mashine imeletwa kwako, na wewe ndiye unayeshika spana.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara, hata kwa mafundi wenye miaka mingi kazini, ni kuamini kwamba injini ikinyamaza, mashine nzima imegeuka kuwa chuma kitupu. Sivyo. Baada ya kuzima, betri ingali na uwezo wa kutoa mamia ya ampea, kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) zinaweza kuwa zimeshika chaji, maji ya rejeta yamebanwa kwa presha, eksozi ina joto la kuunguza nyama, na tanki lina mafuta. Kila kimoja kina njia yake ya kutulizwa na muda wake, na ufunguo hautulizi hata kimoja.

Mimi huanza na ufunguo wenyewe. Ukishazima, uchomoe uutie mfukoni mwako, usiuache kwenye dashibodi wala usimkabidhi mtu. Baadhi ya mashine mpya huzima na kuwaka zenyewe kulingana na kazi, na nyingine huwashwa kwa rimoti, kwa hiyo mtu aliyesimama mbali anaweza kuiamsha huku mkono wako uko kwenye mkanda wa feni. Baada ya ufunguo, fungua waya hasi wa betri, uukunje mbali na nguzo yake, kisha utundike kibao au karatasi ngumu inayosema mashine iko kwenye matengenezo. Kwa injini ya petroli chomoa pia waya wa plagi kabla ya kuizungusha kwa mkono. Kwa injini ya dizeli kuchomoa betri hakutoshi, kwa sababu dizeli haihitaji cheche: ukiizungusha kwa mkono wakati mafuta yanafika kwenye nozeli, inaweza kupiga. Funga mafuta au vuta kizimio chake kwanza.

Baada ya hapo, kaa. Ninasema kaa kwa maana yake halisi, kwa sababu hapa ndipo haraka inapoumiza watu wengi. Maji ya rejeta yenye presha ya takriban baa 1 juu ya hewa ya kawaida huchemka karibu na nyuzi 120 za Selsiasi badala ya 100. Maana yake ni kwamba maji yenye nyuzi 110 yanaweza kutulia kimya kabisa ndani ya rejeta, na dakika unapolegeza kifuniko presha inashuka, yote yanachemka kwa mkupuo mmoja na kukurukia usoni. Kifuniko kifunguliwe baada ya rejeta kuwa baridi kwa mkono wako, si kwa macho. Hata hapo weka kitambaa kinene, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha ipumue, ndipo umalizie.

Muda huo wa kusubiri unafaa pia kwa kapasita. Mashine zenye inveta na zile zenye kapasita kubwa za kulainisha mkondo hubaki na chaji baada ya kuzimwa, na kitabu cha mashine hutaja dakika za kungoja kabla ya kugusa chochote. Ngoja muda huo, kisha pima kwa mita ukiwa umeiweka kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Anayepima ndiye anayejua, anayengoja bila kupima anakisia tu, maana kizuizi (rizista) cha kumwaga chaji nacho huungua na kuacha kapasita imejaa. Ukikuta chaji, imwage kupitia kizuizi kinachofaa chenye vipini vilivyofunikwa plastiki. Ule mtindo wa kugusisha bisibisi kwenye nguzo mbili hutoa mlipuko wa cheche, huharibu kapasita, na umewahi kunirushia kipande cha shaba kwenye miwani. Nilikuwa nimevaa miwani, ndiyo maana naweza kuandika haya nikisoma kwa macho mawili.

Kuhusu mafuta, tofauti ya petroli na dizeli isikupumbaze. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni ukitafuta cheche mahali ambapo wewe huangalii. Dizeli huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka ikifika nyuzi zaidi ya 50, na watu husema basi dizeli ni salama. Lakini eksozi iliyotoka kazini ina joto la kupita hapo mara kadhaa, na dizeli ikidondokea juu yake haisubiri ruhusa. Fungua laini za mafuta injini ikiwa baridi, kinga kwa chombo, futa kilichomwagika kabla ya kurudisha betri, na usijaze tanki hadi mdomoni, kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto. Dumu la kujazia liweke chini ardhini wakati wa kulijaza, si juu ya gari lenye sakafu ya plastiki, ili umeme tuli usijikusanye.

Sehemu iliyo ngumu zaidi nimeiacha mwisho kwa makusudi: kuna vipimo ambavyo haviwezekani bila mashine kuwaka. Hapo tahadhari zote za juu zinakuwa hazipo, na unafanya kazi na mnyama akiwa macho. Kumbuka mambo mawili. Kwanza, kwenye mashine nyingi za aina hii nguzo za kuchomelea zina umeme wakati wote injini inapozunguka, hata kama hakuna anayechomelea. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-1 kinaruhusu hadi volti 113 za mkondo mnyoofu bila mzigo, ilhali kwa mkondo geu (AC) katika mazingira hatarishi, kama vile mahali penye unyevu au ndani ya chuma, kinashusha hadi volti 48. Volti hizo zinaonekana ndogo kwa mtu aliyezoea soketi, lakini mtu mwenye jasho aliyelala juu ya bamba la chuma hana kinga yoyote ya maana. Pili, mashine nyingi hushusha mwendo zenyewe zisipotumika kwa sekunde chache, kisha hupandisha ghafla mara fimbo ya kuchomelea inapogusa kazi au mtu anapochomeka grainda. Nilikuwa nimeinama nikisikiliza kelele ya puli kwenye mwendo wa chini, kijana upande wa pili akagusisha fimbo kujaribu tu, na mkanda ukanyakua ukosi wa koti langu. Koti lilikuwa bovu, likachanika. Tangu siku hiyo nikifungua kava la feni swichi ya mwendo huwa kwenye mwendo wa juu usiobadilika, nyaya za kuchomelea zimefunguliwa kabisa, na soketi zimezimwa kwenye breka zake.

Natumaini wenzangu wataongeza yale niliyoyaacha.

Mwanagenzi Mtiifu

Shikamoo fundi. Nashukuru kwa uzi huu. Naomba kuuliza swali ambalo huenda ni dogo: kwa nini umesema tufungue waya hasi kwanza? Mimi nilifundishwa hivyo hivyo lakini sikuelezwa sababu, na nimeona mafundi wengine wakianza na chanya.

Spana Kumi na Tatu

Marahaba. Swali si dogo hata kidogo. Kwenye mashine nyingi upande hasi wa betri umefungwa kwenye bodi, yaani mwili wa chuma wa mashine. Ukianza na chanya, spana yako iko kwenye nguzo chanya na chuma chochote kinachoizunguka ni hasi. Ikigusa kasha, umeunganisha betri kwa spana. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi haina tofauti, na baada ya kuiondoa hasi hakuna tena njia ya mkondo kupita, kwa hiyo chanya unaifungua kwa amani. Wakati wa kurudisha mpangilio unageuka: chanya kwanza, hasi mwisho. Kabla ya kuanza, thibitisha kwa macho ni upande upi umefungwa kwenye bodi, maana mashine za zamani sana huweza kuwa kinyume.

Vua pete na saa. Pete ikigusa spana na bodi kwa wakati mmoja hupata joto la kuwa nyekundu kabla hujavuta mkono.

Na cheche ya betri si shida ya kuungua tu. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka ikiwa imefika asilimia 4 tu ya hewa, na huendelea kuwa ya kulipuka hadi karibu asilimia 75. Ndiyo maana ukiamsha mashine kwa betri ya msaada, ncha ya mwisho kabisa huiungi kwenye betri iliyokufa bali kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Tindikali ikikuingia jichoni, maji safi mengi kwa angalau dakika 15, na hospitali baada ya hapo, hata kama unahisi nafuu.

Geti Wazi

Wakuu, naheshimu mchango, lakini naona tunazidisha woga. Nimejaribu mashine hizi ndani ya karakana kwa miaka mingi. Nafungua mlango mkubwa na madirisha, moshi unatoka, na hakuna aliyewahi kuanguka. Kuisukuma mashine ya mamia ya kilo hadi nje kwa jaribio la dakika kumi ni kujitesa bure.

Spana Kumi na Tatu

Ndugu, kwa hili sitakubaliana nawe, na nitaeleza kwa nini. Unaouona ukitoka mlangoni ni moshi. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Hujishika kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, kwa hiyo kiasi kidogo hewani kinatosha kujaza damu polepole. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inahesabu sehemu 1,200 kwa milioni kuwa ni hatari ya papo kwa papo kwa uhai, nayo ni kama asilimia 0.12 tu ya hewa. Moshi wa injini ndogo ya petroli unaweza kubeba gesi hiyo kwa asilimia kadhaa. Mlango uliofunguliwa hauhesabu upepo. Upepo ukivuma kuelekea ndani, mlango wako unakuwa njia ya kuurudisha moshi.

Dizeli hutoa kidogo zaidi, hilo ni kweli, lakini injini inayoletwa kwetu ni ile isiyounguza vizuri, na ndiyo maana imeletwa. Tena dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo fundi yeyote atayasingizia jua au njaa, na akili inayotakiwa kuamua kutoka nje ndiyo ya kwanza kuishiwa nguvu. Sema hakuna aliyeanguka. Je, hakuna aliyewahi kwenda nyumbani na kichwa kinamgonga?

Kama kweli haiwezekani kuitoa, bomba la eksozi liunganishwe na mpira wa kustahimili joto hadi nje, mbali na mlango na dirisha lolote, na kipima kaboni monoksaidi kiwepo hapo unapofanyia kazi.

Geti Wazi

Nimekuelewa, hasa hoja ya kichwa kuuma. Sitasema zaidi. Ila nijalie niulize jambo la kuinua: ukiisogeza nje kwa winchi, jicho la juu la mashine linatosha?

Spana Kumi na Tatu

Linatosha kwa mashine peke yake, kama kitabu chake kinavyosema. Halikutengenezwa kubeba trela, mitungi ya gesi na masanduku ya vifaa vilivyofungwa juu yake. Hesabu na mafuta pia: lita 50 za dizeli huongeza takriban kilo 42, na zikiyumba ndani ya tanki huivuta mashine upande. Ikiwa juu ya trela, weka kabari kwenye matairi na ushushe mguu wa mbele kabla hujafungua chochote.

Waya Mwekundu

Naongeza upande wa umeme, kwa kuwa mimi hushughulikia jenereta zaidi kuliko injini.

Kupima insulesheni kwa megga (kipimo cha ubora wa insulesheni) ya volti 500 ni jambo zuri, ila kabla ya kufanya hivyo ni lazima utenganishe dayodi, kidhibiti cha volteji na bodi zote za elektroniki, la sivyo utaua kile ulichokuja kukitibu. Wanaosahau zaidi ni hatua ya baadaye: koili kubwa nayo hushika chaji baada ya kupimwa, kwa hiyo iunganishe na bodi ya chuma ya mashine kwa muda kabla ya kuishika kwa mkono.

Kisha kuna suala la kuamsha sumaku pale rota, sehemu ya jenereta inayozunguka, inapopoteza sumaku yake ya akiba. Nimeona watu wakishika nyaya mbili za betri kwa vidole na kuzigusisha kwenye brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye rota) huku injini ikiunguruma. Mara tu sumaku inapoamka, volteji hupanda kwa ghafla, na vidole viko sentimita chache kutoka kwenye pete zinazozunguka. Mahali ambapo mtengenezaji ameruhusu kazi hiyo ifanywe injini ikiwa imezimwa, ifanywe hivyo, kwa sekunde chache, kidhibiti kikiwa kimetenganishwa na pande za chanya na hasi zikiwa zimehakikiwa. Ndipo uondoe nyaya, urudishe kava, uwashe.

Jambo jingine hunifurahisha na kunitisha kwa pamoja. Jenereta yenye nguzo nne za sumaku hutoa hezi 50 kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani mizunguko 25 kwa sekunde. Taa ya mrija ya mtindo wa zamani kwenye umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Feni ya panga nne inayozunguka kwa mwendo uleule wa injini hupitisha panga 100 kwa sekunde. Matokeo yake, ukiangaza mashine kwa taa inayolishwa na mashine hiyohiyo, feni inaweza kuonekana imesimama tuli huku iko katika mwendo kamili, na kelele ya injini imekuzoesha kutosikia mlio wake. Tumia tochi ya betri.

Nozeli Safi

Nami nina machache ya dizeli.

Usitafute mvujo kwenye paipu za nozeli kwa kupitisha kidole. Nozeli za kawaida za pampu hufunguka kwenye baa 200 hivi, na mifumo mipya ya reli moja hupita baa 1,500. Mchirizi mwembamba wa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano. Unachokiona ni kidoa kisichouma sana, lakini dizeli iko ndani ya nyama inaua tishu, na mtu anayekunywa dawa ya maumivu akalala huweza kupoteza kidole au mkono. Hiyo ni kazi ya upasuaji, tena ya haraka, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya presha. Mvujo utafute kwa kipande cha kadibodi kilichoshikwa mbali.

Injini inayokataa kuwaka wengine huipulizia etha. Ikiwa ina plagi za joto au kipasha hewa kwenye mlango wa kuingizia, etha huweza kulipukia humo humo kabla ya kufika kwenye silinda. Na injini ya dizeli iliyo karibu na mvuke wa mafuta inaweza kuuvuta kwenye hewa na kukimbia yenyewe, ukazima ufunguo isizime. Weka ubao imara karibu na mlango wa hewa ili uweze kuuziba. Mkono usizibe, injini iliyokimbia huvuta kwa nguvu.

Mwanagenzi Mtiifu

Naomba la mwisho. Tukishasafisha nguzo na brashi kwa ile dawa ya kopo ya kusafishia breki, tunaweza kujaribu kuchomelea papo hapo?

Nozeli Safi

Soma kopo kwanza, kijana wangu. Kama lina viyeyusho vyenye klorini, kwa mfano trikloroethilini au tetrakloroethilini, usiwashe tao, yaani ule mwali wa umeme wa kuchomelea, mahali ambapo mvuke wake ungalipo. Joto na mionzi ya urujuanimno ya tao huugeuza mvuke huo kuwa gesi zenye sumu, fosjini ikiwa mojawapo, ileile iliyotumiwa kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo, akaendelea na kazi, na mapafu yakaanza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Zile zisizo na klorini nyingi hushika moto, kwa hiyo nazo zisubiri zikauke kabisa na hewa ipite. Mimi husafisha nguzo kwa burashi ya waya na kitambaa kikavu, na kopo naliacha kabatini.

Waya Mwekundu

Kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe, rudisha kava zote, hata ile yenye skurubu moja iliyopotea, tafuta skurubu. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye kinga ya mvujo wa umeme, ile ya miliampea 30, uone inakatika. Kagua nyaya za kuchomelea kwa urefu wake wote, pamoja na mahali zinapoingia kwenye klampu. Na mteja akikuomba umtengenezee waya wa kuchomeka mashine kwenye soketi ya nyumba ili alishe nyumba nzima, kataa. Transfoma haibagui upande: volti 230 zikirudi kinyumenyume hutoka upande wa pili zikiwa maelfu, kwenye laini ambayo fundi wa umeme aliyepanda nguzo anaamini imekatwa. Kazi hiyo hufanywa kwa swichi ya kubadilisha chanzo iliyofungwa na mtu mwenye leseni.

Spana Kumi na Tatu

Ahsanteni sana. Hoja ya feni na taa ya mrija sikuwa nimeiwazia, ingawa taa yangu ya karakana ni ya aina hiyo na mara nyingi nimeichomeka kwenye mashine ninayoijaribu. Kesho naiondoa. Mwenye swali kuhusu mashine zenye kompresa ndani yake aliandike hapa, kwa sababu tangi la hewa nalo lina presha yake na bado hatujaligusa.